Mninga, Mkongo, Mvule au Tiki: Kuchagua Mbao Ngumu za Sakafu ya Nyumba

Mnunuzi wa mbao za sakafu karibu kila mara huanza na jina la mti: niweke mninga au mkongo? Ni swali zuri, ila limewahi zamu yake. Sakafu nyingi za mbao zinazoachia nyufa au kufura Dar es Salaam, Mombasa na Dodoma chanzo chake ni mbao zilizopigwa zikiwa mbichi, au mbao kavu zilizolazwa juu ya zege bichi. Mninga uliokauka vizuri utatulia miaka mingi mahali ambapo mkongo uliopasuliwa mwezi jana utapinda ndani ya kiangazi kimoja, pamoja na ugumu wake wote. Kwa hiyo tunaanza na ukavu, ndipo tuje kwenye miti.

Ukavu wa mbao na wa nyumba

Mbao haikauki ikafikia mwisho. Inavuta na kutoa maji mpaka ilingane na hewa iliyoizunguka. Katika nyumba ya Dar es Salaam au Mombasa yenye madirisha wazi, hutulia kwenye unyevu wa asilimia 13 hadi 15 ya uzito wake mkavu. Dodoma wakati wa kiangazi hushuka hadi 9 au 10. Chumba cha pwani chenye kiyoyozi kinachowaka kutwa nzima kinakaribia Dodoma kuliko kinavyokaribia kibaraza chake chenyewe, na hilo ndilo watu wengi husahau.

Tuchukue tiki yenye upana wa milimita 100, iliyopasuliwa bapa, yaani pete za mti zikilala sambamba na uso wa mbao. Kila asilimia moja ya unyevu inayotoka huipunguza upana kwa takriban asilimia 0.18. Ukiiweka ikiwa na unyevu wa 18, nyumba ikaishusha hadi 11, kila mbao itapungua milimita 1.2 hivi. Chumba cha mita 4 kina mbao 40 kama hizo, na upungufu wote unafika karibu sentimita 5, umegawanyika katika nyufa ambazo kadi ya benki inazama ndani yake. Mchanga unafuata, na kila ukifagia unasaga kingo za mbao. Mninga katika hali hiyohiyo hupungua kama nusu ya hapo. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa, na wauzaji huitaja mara chache kwa sababu wanashughulika na kusifia rangi.

Usikubali neno "kavu" bila kipimo. Mita ya unyevu yenye sindano mbili inatosha, mradi usiichome kwenye ncha ya mbao, kwani ncha hukauka haraka kuliko katikati. Pima angalau nusu mita kutoka kwenye ncha, mbao 10 kutoka sehemu tofauti za rundo. Kama huna mita, kata kipande cha sentimita 2 kutoka katikati ya mbao, kipime kwenye mizani ya jikoni, kisha kiweke kwenye oveni ya nyuzi joto 103 mpaka uzito uache kushuka. Kikitoka na gramu 75 kutoka 86, maji yalikuwa gramu 11. Gawanya 11 kwa 75, unapata asilimia 14.7. Mbao hiyo inafaa Dar isiyo na kiyoyozi. Dodoma haifai.

Kukausha kwa upepo kuna mpaka wake. Mbao za inchi moja zilizopangwa kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti kila sentimita 40 hadi 60, huchukua miezi 6 hadi 12. Hewa ya pwani haitazishusha chini ya 13 hata zikikaa miaka mitatu, kwa kuwa hewa yenyewe imebeba unyevu huo. Kwa chumba cha kiyoyozi, au nyumba ya bara kavu, utahitaji mbao zilizopita kwenye tanuri la kukaushia. Lipia hiyo gharama. Hakuna vanishi inayoweza kuchukua nafasi yake.

Zege nalo lina ratiba yake. Kadiria mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, hivyo jamvi la milimita 100 linataka miezi 4. Kabla ya kuleta mbao, bandika kipande cha nailoni cha mita 1 kwa 1 juu ya zege, ziba kingo zote kwa selotepu, na kiache siku 2. Ukikuta matone upande wa chini, au zege limegeuka jeusi, subiri.

Miti minne kwa kulinganisha

| | Mninga | Mkongo | Mvule | Tiki |
|---|---|---|---|---|
| Uzito mkavu (kg kwa mita ya ujazo) | karibu 630 | karibu 800 | karibu 660 | karibu 650 |
| Ugumu wa uso | wa kati | mkubwa | wa kati | chini kidogo ya mvule |
| Kusinyaa na kufura | kidogo sana | kidogo | wastani | wastani |
| Kazi kwa seremala | rahisi | ngumu, hutaka keekee za kutoboa | nyuzi hupishana, kuna vijiwe | rahisi, hufanya makali kuwa butu |
| Mchwa kwenye kiini (sehemu ya ndani ya gogo) | hustahimili | hustahimili sana | hustahimili sana | hustahimili sana |

Mninga ndio tungeuweka vyumba vya kulala na sebule ya familia ya kawaida. Hautingishiki na majira, unapigwa randa bila kuchanika, unashika gundi na vanishi bila ubishi. Rangi yake inaanzia hudhurungi ya asali hadi kahawia yenye wekundu, na hata ndani ya rundo moja zinatofautiana. Panga mbao zote chini kabla ya kupiga msumari wa kwanza, uchanganye za giza na za mwanga, vinginevyo utapata kona moja nyeusi kama kiraka.

Udhaifu wake uko kwenye weupe, ile sehemu ya nje ya gogo. Katika mninga weupe ni mpana, rangi yake ya manjano hafifu, na fukusi wanaupenda. Miezi michache baada ya kuhamia unaona vitundu kama vya sindano na vilima vya unga laini juu ya vanishi. Muuzaji anayeacha weupe kwenye mbao anauza upana ambao utaliwa. Kataa mbao yoyote ambayo weupe wake unafika uso wa juu. Ukionekana kidogo upande wa chini, paka dawa ya chumvi za boroni kabla ya kulaza.

Mkongo, ambao pwani ya Kenya wanauita mbambakofi, ni mbao ya mahali panapokanyagwa: ukumbi, korido, ngazi, chumba ambacho watoto wanaburuza viti. Ugumu wake unazidi wa tiki kwa zaidi ya nusu. Na husinyaa kidogo kwa mbao nzito kiasi hicho, jambo lisilo la kawaida, kwani mbao nzito nyingi husumbua.

Ugumu huo unalipwa kwa kazi. Msumari usiotanguliwa na tundu unapinda au unapasua ulimi wa mbao, ule ukingo unaoingia kwenye mtaro wa mbao ya jirani. Fundi atoboe kwanza kwa keekee nyembamba kidogo kuliko msumari, kila mahali, hata kama atalalamika kwamba anachelewa. Nyuzi zinapishana, hivyo randa yenye makali butu huchana uso na kuacha mashimo madogo ambayo vanishi itayaonyesha vizuri zaidi. Meno makali, kina kidogo, kisha msasa. Jambo la tatu wengi hulijua wakati limeshatokea: vinyweleo vya mkongo vina unga wa manjano, na unga huo ni rangi kamili. Mbao zikilowa kabla ya vanishi, rangi hiyo inatoka na kuingia kwenye ukuta mweupe, kwenye zulia, kwenye shuka iliyofunika. Usizipokee siku ya mvua, na usiruhusu mtu kupiga deki sakafu ambayo haijapakwa.

Mvule una jina kubwa Uganda na Kenya, na kama mbao ya milango, madirisha na samani unastahili sifa hiyo. Sakafuni tunauweka nyuma ya mninga. Husinyaa zaidi, na ndani ya baadhi ya magogo kuna vijiwe vya chokaa vinavyovunja meno ya msumeno. Vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua kwa watu wengi, hivyo fundi anayepiga msasa avae barakoa ya kweli. Kitambaa usoni hakitoshi. Halafu kuna suala la mwanga: mvule mpya ni wa manjano, na miezi inavyopita unageuka kahawia. Ukitandika zulia mwezi wa kwanza, ukaliondoa mwaka wa pili, utakuta mstatili wa manjano katikati ya sebule. Acha sakafu wazi miezi kadhaa kabla ya kuifunika. Vanishi za mafuta nazo huchelewa kukauka juu ya mvule kwa sababu ya kemikali zilizomo ndani ya mbao. Koti la kwanza liwe la sila inayofunga, ndipo vanishi ifuate.

Tiki, au msaji kwa watu wa visiwani, ina faida ambayo nyingine tatu hazina: inatoka kwenye mashamba yaliyopandwa. Longuza kule Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro, na bonde la Kilombero huvuna tiki na kupanda tena. Mninga na mkongo hutoka misitu ya asili, na mti mmoja huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa. Kwa anayejali hilo, na sisi tunadhani kila mnunuzi anapaswa kujali, tiki inasogea juu.

Uliza umri wa magogo. Tiki iliyokatwa wakati wa kupunguza miti shambani ni changa, nyembamba, yenye weupe mwingi na mafundo, na sifa za kustahimili wadudu unazosoma kila mahali ni za kiini cha mti uliokomaa. Mbao ya tiki changa bado inafaa sakafu ya ndani ikiwa imetibiwa na kukaushwa, mradi bei ifanane nayo. Tiki pia ina mafuta yanayopanda juu ya uso uliopigwa randa. Gundi na vanishi zikipakwa wiki moja baadaye zinashika mafuta badala ya mbao, kisha zinabanduka kama ngozi ya kitunguu. Futa uso kwa kitambaa chenye tina, na upake siku hiyohiyo.

Mingine tuipitie haraka. Mpangapanga ni mzito, mweusi wenye mistari, unapendeza mno, na unachosha misumeno. Muhugu wa Kenya ulitumika sana kwa sakafu za vipande na ni mgumu kuliko yote hapa, lakini umevunwa kupita kiasi. Ukiukuta kwenye nyumba ya zamani, ng'oa kwa uangalifu uutumie tena. Mkaratusi unapinda usipokaushwa kwa utaalamu. Paina ya Mufindi ni laini: kisigino cha kiatu kinaacha alama, kwa hiyo itumie kwa papi za chini, iliyotibiwa, usiikanyage moja kwa moja.

Mbao nzima au mbao za tabaka?

Mbao nzima ya milimita 20 unaweza kuipiga msasa upya mara nne au tano katika maisha yake. Mbao ya tabaka ina uso wa mti halisi wa milimita 2 hadi 6, umebandikwa juu ya plaiwudi ambayo matabaka yake yanavutana kinyume, hivyo haivimbi wala kusinyaa sana kwa upana. Kwa chumba cha pwani ambacho kiyoyozi huwaka usiku na madirisha hufunguliwa mchana, hii ndiyo chaguo letu la kwanza, mbele hata ya mninga. Masharti ni mawili. Uso uwe angalau milimita 4, kwani wa milimita 2 utaupiga msasa mara moja tu na ukikosea unatokea plaiwudi. La pili, omba kipande, kichemshe kwenye sufuria nusu saa, kikaushe, ukipinde kwa mikono. Tabaka zikiachana, gundi yake haijatengenezwa kwa unyevu.

Lamineti inayouzwa rafu ileile ni picha ya mbao juu ya ubao wa unga uliobanwa. Ni nafuu na uso wake haukwaruzwi kirahisi, lakini maji yakiingia kwenye kiungo kingo zinavimba na hazirudi, na haipigwi msasa kamwe. Ukiinunua, inunue ukijua hivyo. Jikoni na bafuni weka marumaru, usijitese.

Upana, idadi na namna ya kulaza

Watu wanapenda mbao pana. Tunaielewa hamu hiyo, ila mbao ya milimita 150 hufungua ufa mkubwa mara moja na nusu kuliko ya 100, na hupinda kingo juu kama mfereji ikipata unyevu kutoka chini. Kwa mbao nzima, baki kati ya milimita 65 na 90 za uso unaoonekana.

Hesabu ya chumba cha mita 4 kwa 5: mbao ya 1x4 ya futi 12, baada ya randa na kutolewa ulimi na mtaro, inabaki na uso wa milimita 85 hivi. Moja inafunika mita za mraba 0.31. Mita 20 za mraba zinataka mbao 65, ongeza asilimia 10 ya vipande vinavyopotea, unafika 71. Nunua 76. Tano hizo zihifadhi ndani ya nyumba, maana miaka minane ijayo hutapata rangi ileile. Ukitaka mtindo wa mifupa ya samaki, upotevu ni asilimia 15.

Mbao zikifika, zipange ndani ya chumba chenyewe kwa vijiti, madirisha na kiyoyozi vikitumika kama vitakavyotumika, kwa siku 10 hadi 14. Hapo zinazoea hewa. Mbao mbichi haikauki kwa siku 14, asikudanganye mtu.

Juu ya zege lililokauka tandaza nailoni ngumu ya geji 1000, maungio yapishane sentimita 20 na kubandikwa. Kisha papi za 2x2 zilizotibiwa, kila sentimita 40 kutoka katikati hadi katikati. Zikiachana hadi 60, sakafu ya milimita 20 itabonyea na kulia kila ukipita. Msumari upigwe kwa mshazari kupitia ulimi, ili mbao inayofuata iufiche. Katika mkongo, mvule na tiki tumia misumari ya mabati au isiyoshika kutu, kwa sababu chuma tupu kikilowa huacha madoa meusi yasiyotoka kwa msasa.

Acha nafasi ya milimita 12 kuzunguka kuta zote, skatingi itaifunika. Fundi anayebana mbao hadi ukutani anaonekana msafi siku ya kukabidhi. Masika ikifika sakafu inafura, haina pa kwenda, inanyanyuka katikati kama mgongo wa ngamia. Nyanyua skatingi moja kabla ya kumlipa, uingize kidole.

Msasa uanze namba 40 au 60 kufuatana na usawa wa mbao, kisha 80, kisha 120, bila kuruka hatua, kwa kuwa mikwaruzo ya 60 haifutwi na 120. Vanishi ya PU (poliyurethani) koti 3, saa 24 kati ya koti na koti, ukipitisha msasa wa 220 kwa mkono kila kati yake. Lita moja hufunika takriban mita 10 za mraba kwa koti moja, hivyo chumba chetu kinataka lita 6.

Karatasi za mbao

Bei ya mninga au mkongo ikiwa chini sana kuliko kwa majirani, angalia nyundo. Mbao halali za Tanzania zina alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu, na zinasafiri na hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotaja aina, idadi na mahali zilikotoka. Hesabu mbao zako uzilinganishe na hati, na uombe risiti yenye jina la mti. Anayenunua Tanzania ili akajenge Kenya ana hatua ya ziada: katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama Novemba 2022, mkongo, mninga na mkangazi wa Afrika viliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili. Mbao hizo zikifika Namanga au Horohoro bila kibali cha CITES, mzigo unabaki mpakani. Kibali kiombwe kabla ya kupakia, na tiki ya shambani haimo katika orodha hiyo.